Mtangazaji wa filamu anaishi kwa maswali yake

Msimu wa korosho ukifunguliwa, kuanzia Oktoba hivi, wasanii wanashuka Kusini. Hela inazunguka, kumbi zinajaa, na mimi simu haitulii. Vijana wa hapa Mtwara wakiniona na kipaza sauti mbele ya mwigizaji maarufu huniuliza nimeingiaje kwenye kazi hii ya kuwahoji watu wa filamu. Wengi wanadhani ni sura na sauti. Sauti inasaidia. Lakini mtangazaji wa filamu anaishi kwa maswali yake, na swali zuri halimjii mtu ambaye filamu yenyewe hajaitazama mpaka mwisho.

Shule yangu ya kwanza ilikuwa kibanda umiza cha Magomeni, kile kibanda cha mtaani cha kuonyeshea filamu. Yule anayetafsiri filamu ya Kihindi kwa Kiswahili watu humchukulia poa. Mimi namhesabu kuwa mchambuzi wa kwanza wa filamu niliyemjua. Alikuwa ameshaitazama kabla yetu, tena kwa makini, akajua mtazamaji atapotea wapi. Hapo ndipo alipoingiza neno: huyu mwenye kofia ndiye aliyemuua baba yake, mwangalieni mkono. Kibanda kizima kilikuwa kinatazama mkono.

Chukua Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, iliyotokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi. Ni Zanzibar ya miaka ya mwisho ya Mwingereza, Yasmin kaozwa mzee, moyo wake ukaangukia kwa Denge, mwanaharakati. Mtangazaji asiyeitazama atamuuliza mwongozaji filamu inahusu nini na changamoto ni zipi, naye atajibu bajeti ndogo, mashabiki watuunge mkono. Mnaagana. Aliyesoma kitabu na kuitazama filamu atauliza nini kimeachwa kitabuni, na kwa nini. Hapo mgeni anajiweka sawa kwenye kiti, maana ameona anaongea na mtu aliyeijali kazi yake.

Habari za nani anatoka na nani siulizi. Najua zinavutia watazamaji kuliko zangu. Lakini mhariri wa picha, fundi sauti na mtu wa mavazi wanakesha kazini, halafu hakuna anayewataja. Mimi nawaita kwenye kipindi, na nitaendelea kuwaita.

Wasanii wakija huku wana haraka, unapewa dakika chache tu hotelini. Kwa hiyo maandalizi yote yafanyike kabla. Mgeni namwekea kinasa sauti kidogo chini ya kola, mkufu avue kwa sababu unagonga, feni tunaizima. Joto la Mtwara mnalijua: baada ya muda mfupi uso unang'aa jasho, na kamera haifichi. Ndiyo maana tunarekodi vipande vifupi, feni inawashwa katikati, kitambaa kiko jirani. Akimaliza jibu, silikimbilii swali linalofuata. Nanyamaza kidogo. Mara nyingi anaongeza sentensi moja ambayo hakuipanga, na hiyo ndiyo ninayoifungulia kipindi.

Makaratasi nayo yapo. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 inamtaka mwandishi awe na ithibati, yaani atambuliwe rasmi, kwa hiyo diploma ya uandishi wa habari usiikwepe. Isome pia Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, ujue kibali cha kuonyesha filamu hadharani kinapatikanaje. Kipato cha mwanzo ni kidogo, wengi wetu tunajazia kwa kushereheshea harusi, na si aibu.

Kama uko Lindi, Masasi au Newala, usisubiri nyota atoke Dar. Tafuta vijana wanaorekodi filamu mtaani kwenu, itazame kazi yao mara mbili, kisha kaa na aliyeshika kamera umuulize kwa nini aliisimamisha pale.