Kichina nacho kina "piga" yake

Wanafunzi wangu wengi huja na vitabu vya Kichina vilivyoandikwa kwa Kiingereza, na wakifika kwenye herufi 打 (dǎ) wanakwama. Kitabu kinawaambia ni kumpiga mtu, kisha ukurasa wa pili kinawaletea 打电话, kupiga simu, kama kitu cha ajabu cha kukaririwa. Huwa nawaambia wafunge kitabu. Sisi tunapiga simu, tunapiga miayo, tunapiga chafya, tunapiga ngoma, na radi hupiga. Mchina naye ni 打电话, 打哈欠, 打喷嚏, 打鼓, 打雷. Hata sindano anaipiga: 打针.

Tuiandike basi. Mistari ni mitano tu. Kushoto ni mkono, 手, uliobanwa ukawa 扌. Kulia ni 丁. Anza na mstari mfupi wa kulala, kutoka kushoto kwenda kulia. Wa pili unashuka wima ukiukata wa kwanza, na chini unaishia kwa ndoano ndogo inayotazama kushoto. Wa tatu ndio unaowatoa watu jasho: huanzia kushoto chini ukapanda kwenda kulia, na kalamu inaachia mwishoni ili ncha iwe nyembamba. Wengi wanaulaza, au wanauanzia kulia wakiushusha, na mwalimu wa Kichina huliona kosa hilo hata akiwa mbali. Baada ya hapo 丁: mlalo, kisha wima wenye ndoano unaoning'inia kwenye mlalo bila kuuvuka. Mkono uwe mwembamba, 丁 ipate nafasi ya kupumua.

Hiyo 丁 husomwa dīng. Iliwekwa hapo kwa ajili ya sauti, ila matamshi yamehama mno hata leo dīng na dǎ hazifanani. Mimi hufundisha kwa njia nyingine: 丁 ikikaa pembeni ya alama ya chuma inakuwa 钉, msumari. Mkono na msumari, utafanya nini kama si kupiga? Ni ujanja wa kukumbuka tu, msiuchukue kama historia ya herufi.

Kuhusu toni, yaani sauti inavyopanda au kushuka ndani ya neno, dǎ ni ya tatu, ya chini. Ikifuatwa na toni ya tatu nyingine inapanda, kwa hiyo 打水, kuteka maji, husikika dá shuǐ. Halafu kuna 打 inayosomwa dá siku zote: hiyo ni dazeni, na imetoka Kiingereza kama dazeni yetu.

Mmeona nimesema kuteka maji. Hapo ndipo 打 inapoipita "piga" yetu. Samaki huvuliwa kwa 打 (打鱼), mwavuli hushikwa kwa 打 (打伞), sweta hufumwa kwa 打 (打毛衣). Mwandishi Ouyang Xiu, aliyefariki mwaka 1072, alilalamika kwamba watu wa zama zake, wasomi kwa wasio wasomi, wanaitumia vibaya herufi hii, akataja maji, samaki na mwavuli. Karibu miaka elfu moja imepita na watu bado wanasema hivyohivyo.

Lakini msije mkatafsiri kila "piga". Picha ni 拍照, mswaki ni 刷牙, kura ni 投票, hodi ni 敲门, gitaa ni 弹吉他. Kichina hapa kinaangalia kiungo kinavyocheza. Mpira wa kikapu ni 打, kwa kuwa ni wa mikono, na mkono umo ndani ya herufi yenyewe. Mpira wa miguu ni 踢, na ukitazama kushoto mwa herufi hiyo utauona mguu, 足.

Kwa wanaokwenda Guangzhou kufunga mzigo, la kwanza kujua ni 打折, kupunguza bei. Mwanafunzi wangu mmoja, muuza nguo, aliona dukani kibao cha 8折 akajua kapunguziwa asilimia 80, akajaza kikapu. Kumbe 打八折 maana yake unalipa sehemu nane kati ya kumi: nguo ya yuan 100 unaitoa kwa 80. Alirudisha nusu ya nguo kwenye rafu. Siku hizi anatafuta vibao vya 2折.