Ukiombwa mkojo wa utafiti, soma karatasi kabla ya kutia sahihi

Tangu watafiti waanze tena kupita katika mitaa ya Lubumbashi iliyo karibu na viwanda vya shaba, kamati yetu ya maadili, inayokagua tafiti na kuzipa kibali, imepokea malalamiko mengi, na sehemu kubwa yanatokana na watu kuchanganya utafiti na matibabu. Mtafiti hakuja kukutibu. Karatasi ya ridhaa, ile unayotia sahihi kukubali kushiriki, inasema hivyo waziwazi, katika aya ambayo karibu kila mtu huiruka.

Shaba ilianza kuyeyushwa katika mji huu mwaka 1911, na vumbi lake halibaki kiwandani. Kobalti, metali inayochimbwa pamoja na shaba, ikiingia mwilini hutoka kwa wingi kupitia figo, ndiyo maana mkojo hutosha kuipima. Watafiti wa Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, waliwapima watu 351 wa Katanga, eneo la mji huu, na katika matokeo waliyochapisha mwaka 2009, walioishi chini ya kilomita 3 kutoka migodini au viwandani walikuwa na kobalti nyingi mno, kiasi ambacho hakikuwa kimewahi kuripotiwa kwa raia wa kawaida.

Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kupokea kikopo, wala usiguse ndani yake. Mama mmoja alimshikia mwanawe kikopo huku kidole gumba kimezama ndani, na alikuwa ametoka kufagia uwanja. Sampuli ile ilitupwa, kwa sababu tungepima vumbi la uwanja badala ya mtoto. Kunywa maji mengi ili “kusafisha” mkojo hakusaidii: maabara hupima pia kreatinini, taka ya misuli inayotoka na mkojo, na kobalti huhesabiwa kwa kila gramu ya hiyo, hivyo maji ya ziada hayabadilishi hesabu.

Karatasi ya ridhaa hutolewa nakala mbili, moja ikabaki kwako. Asiyejua kusoma husomewa mbele ya shahidi asiye wa timu ya utafiti, kisha huweka alama ya kidole. Kwa mtoto, mzazi hutia sahihi, lakini mtoto mwenye kuelewa naye huulizwa, na akikataa huachwa. Unaweza kujiondoa siku yoyote bila kutoa sababu. Kikopo huandikwa namba, si jina. Mtafiti anayeanza kukusanya kabla ya kupata kibali husimamishwa, sampuli zake hazitumiki, na majarida ya kisayansi hukataa makala yake.

Kuhusu uvumi kwamba mkojo wenu unauzwa Ulaya, tumechoka kuujibu: mkojo hauna soko. Ni kweli kwamba baadhi ya sampuli hupimwa nje ya nchi, na karatasi lazima iitaje maabara hiyo, ulizeni.

Kobalti nyingi katika mkojo huonyesha hasa kilichoingia mwilini siku za karibuni, si jina la ugonjwa. Anayeumwa aende kituo cha afya bila kungoja majibu yetu. Na mtafiti asiyekuachia nakala yako, usimpe kikopo.