Kwani hapo mliwahi kuona mkoko?

Nikimuuliza mwanafunzi ikolojia ni nini, mara nyingi hunijibu, "Kutunza mazingira." Hiyo ni kazi nyingine, na ni kazi njema. Ikolojia huuliza: kwa nini kiumbe huyu yuko hapa na si hatua 20 kutoka hapa? Anakula nini, analiwa na nani, na akishakaa anapageuza vipi mahali penyewe?

Mimi hujibu maswali hayo Gazi, Kwale, kusini mwa Mombasa. Maji yakikupwa, shuka toka nchi kavu kuelekea baharini uone miti iotayo kwenye maji ya chumvi ilivyojipanga. Juu, kunakofika tu maji ya bamvua, yale yanayojaa kuliko ya kawaida, kuna michu mifupi, mingine hainizidi kimo. Inafuata mikandaa, kisha mikoko yenye mizizi iliyosimama kama miguu ya kaa, na mbele kabisa, mawimbi yanakopiga, mililana. (Mchu ni mti mkaidi: huko mbele nako utaukuta, tena umerefuka.) Safu hizi hakuzipanga mtu. Huku juu jua hukausha maji, chumvi ikabaki. Kule mbele shida ni kuzamishwa mara mbili kwa siku. Kila mti umebaki pale unapoweza kustahimili, na pale ambapo jirani yake hakuuzidi nguvu.

Chuma jani la mchu, lilambe. Mti umeinywa ile chumvi pamoja na maji, kisha umeitoa kwa njia ya majani. Siku za kiangazi utaziona hata chembe zake zikimetameta. Mkoko hauna mambo hayo. Wenyewe huizuia sehemu kubwa ya chumvi mizizini, isiingie kabisa.

Sasa chimba tope kidogo. Chini ni jeusi na linanuka yai viza, kwa kuwa hewa haifiki. Ndiyo maana mchu huchomoza vijizizi vyake juu ya tope, mamia kwa mamia, kama penseli zilizochomekwa. Ni vya kupumulia. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliposomba udongo wa bara ukamwagika hori ya Mwache, mkono wa bahari karibu na Mombasa, mizizi ya kupumulia ilifukiwa na miti mingi ikafa imesimama. Haikukatwa na mtu wala kuliwa na mdudu; ilikosa pumzi.

Hadi hapo utadhani mazingira ndiyo yanayoamuru na kiumbe hutii tu. Basi chuchumaa utulie, kaa watoke mashimoni. Mmoja atalibeba jani lililoanguka, alikokote hadi tunduni mwake. Tondo, wale konokono wa topeni, nao wanalinyemelea jani hilohilo, polepole. Kaa anakula mali ya mti, lakini mashimo yake ndiyo yanayopitisha maji na hewa kwenye lile tope jeusi, na jani asipolivuta ndani, maji yakijaa hulichukua kwenda zake. Mizizi ya mkoko nayo hupunguza kasi ya maji, udongo ukatua, na ardhi ikainuka kidogo kidogo. Yaani mti huo unajitengenezea kiwanja chake. Sehemu hii ndiyo hunifanya nirudi kila bamvua, magoti yakilalamika.

Haya yote nilikuwa nimeshayasoma darasani, na bado nilikosea. Miaka ya nyuma, mimi na wenzangu tulipanda miche ya mikoko kwenye tope tupu mbele ya mililana, kwa sababu palikuwa na nafasi tele. Hakuna aliyejiuliza kwa nini pamebaki tupu. Miezi michache baadaye nilikuta vijiti vimelala, vingine vimezongwa na mwani. Mama mmoja aliyekuwa akiokota tondo aliniangalia nikihesabu, akaniuliza, "Kwani, mwanangu, hapo mliwahi kuona mkoko?"

Msimu uliofuata tulipanda nyuma ya mililana. Mingi ilishika.