Si kila kinachopita kwenye Wi-Fi kinakula bando

Hapa Kigoma, kuanzia Mwanga hadi Ujiji, wengi wanaogopa kuunganisha kompyuta za nyumbani kwenye ruta moja, wakiamini kila kinachopita kwenye Wi-Fi kinakula bando. Si kweli. Ruta ina kazi mbili: kuunganisha vifaa vya ndani vyenyewe kwa vyenyewe, na kuvitoa vyote kwenda intaneti kwa laini moja. Bando linaguswa na hiyo ya pili tu.

Hakikisha mwenyewe. Zima ruta, chomoa laini, iwashe tena, kisha hamisha video ya harusi ya GB 1 kutoka kompyuta ya sebuleni kwenda ya chumbani kupitia folda ya pamoja (folda moja ambayo kompyuta zote mbili zinaifungua). Itafika bila intaneti, na printa ya Wi-Fi nayo itachapa. Video hiyohiyo ukimtumia mwanao wa chumba cha pili kwa WhatsApp, inapanda hadi kwenye seva za nje na kushuka tena. Hapo bando linalika mara mbili.

Mlaji mkubwa wa kimyakimya ni masasisho ya Windows. Ingia kwenye mipangilio ya Wi-Fi ya kila kompyuta, uonyeshe kwamba data yako ina kikomo ("metered connection"), mengi yatasubiri.