Akili mnemba darasani: tunayoyaamini na yaliyo kweli

Tangu ChatGPT, programu ya akili mnemba inayojibu maswali na kuandika insha, ifunguliwe kwa umma tarehe 30 Novemba 2022, mazungumzo ya walimu wakati wa mapumziko hayajatulia. Nasahihisha insha karibu kila wiki, na dhana ninazozitaja hapa nimezisikia zote. Moja wapo niliiamini mwenyewe, na ndiyo ninayoanza nayo kwa sababu inaumiza wasio na hatia.

"Kuna programu inayomnasa aliyeandikiwa na mashine"

Programu hizo hazishiki ushahidi wowote, zinakisia. Hupima jinsi neno moja linavyofuata jingine, na zikikuta maneno ya kawaida katika sentensi zilizonyooka, humdhania mwandishi kuwa ni mashine. Anayeandika hivyo mara nyingi ni yule anayetumia lugha aliyojifunza ukubwani au shuleni. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walizijaribu programu 7 za aina hiyo kwa insha 91 za TOEFL, mtihani wa Kiingereza kwa wageni wa lugha hiyo, zote zimeandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, zaidi ya nusu ya insha hizo ziliambiwa ni kazi ya mashine.

OpenAI, wenye ChatGPT yenyewe, walitoa kitambuzi chao Januari 2023. Kwa vipimo vyao wenyewe kilitambua asilimia 26 tu ya maandishi ya mashine, na kikasingizia asilimia 9 ya maandishi ya watu. Julai mwaka huohuo walikiondoa kwa sababu hakikuwa sahihi vya kutosha. Darasa la wanafunzi 45 walioandika kwa mikono yao wenyewe, kwa kiwango hicho, lingetoa "wezi" wanne.

Niliwahi kumwita mwanafunzi ambaye insha yake ilikuwa imetiwa alama nyekundu na programu. Nikamwomba rasimu. Akafungua daftari: kurasa tatu zimekatwakatwa, "hivyo basi" imefutwa mara mbili na kurudishwa, mshale mrefu unaihamisha aya ya pili hadi mwisho. Nikamuuliza kwa nini aliihamisha. "Mwanzoni ilikuwa inajibu swali ambalo bado sijauliza," akasema. Dakika kumi hazikufika, nami nilikuwa nimeshajua nilichohitaji kujua. Nilimwomba radhi. Tangu siku hiyo naomba rasimu kwa kila mmoja kabla ya kumshuku yeyote.

"Alama zikipanda, basi wameelewa"

Hapa ndipo penye hatari kubwa zaidi, na ndipo tusipopatazama. Nchini Uturuki, watafiti waliwafuatilia wanafunzi karibu 1,000 wa sekondari katika somo la Hisabati. Waliopewa programu ya kawaida ya akili mnemba ya kujibu maswali walifanya mazoezi vizuri kwa asilimia 48 kuliko wenzao wasiokuwa nayo. Ilipofika mtihani, programu ikaondolewa, wakaanguka kwa asilimia 17 chini ya wale ambao hawakuigusa kabisa. Kundi la tatu lilipewa programu iliyotengenezwa ili itoe vidokezo na isitoe jibu. Mazoezi yao yalipanda kwa asilimia 127, na kwenye mtihani lile anguko karibu lote halikuonekana. Hata hivyo, hawakuwapita wenzao wa daftari na kalamu. Nasisitiza hilo kwa sababu wauzaji wa programu za shule hupenda kutaja ile 127 na kuishia hapo.

Ukimtazama mtoto akiitumia utaliona jambo lenyewe. Anayeandika "nipe jibu" huhamisha macho tu kutoka kwenye skrini hadi kwenye daftari. Anayeandika "nimekosea hatua gani?" husimama, hurudi nyuma, hufuta. Yule wa pili ndiye anayefanya kazi.

"Ikijibu kwa uhakika, haiwezi kuwa imekosea"

Mashine hizi hutabiri maneno yanayoelekea kufuatana. Ndiyo maana huweza kumtwika mwandishi wa kweli kitabu ambacho hajawahi kukiandika, chenye mwaka na kurasa kamili. Juni 2023 mahakama moja ya New York iliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 baada ya kuwasilisha hukumu zilizobuniwa na ChatGPT. Mmoja wao alikuwa ameiuliza kama kesi hizo ni za kweli, nayo ikamhakikishia kuwa ni za kweli. Rejeo ambalo mwanafunzi hajalifungua kwa macho yake lisiingie kwenye kazi yake.

"Mashine haina upendeleo, iachiwe isahihishe"

Mwaka 2020, mitihani ilipofutwa Uingereza kwa sababu ya korona, wanafunzi wa A-level, mtihani wa kumaliza sekondari, walipangiwa alama kwa kanuni ya hesabu iliyotazama pia matokeo ya nyuma ya shule zao. Karibu asilimia 40 ya alama zilishuka chini ya makadirio ya walimu. Kijana hodari katika shule iliyozoea kufeli alivutwa chini na waliomtangulia. Tarehe 17 Agosti serikali ilirudi kwenye makadirio ya walimu. Nayo ilikuwa kanuni tu, haikuwa hata akili mnemba ya leo. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2024 inaiweka mifumo ya kutathmini na kudahili wanafunzi katika kundi la hatari kubwa, nami naona ni haki.

Na sisi walimu tuna kosa letu: kubandika ripoti ya mwanafunzi kwenye programu, yenye jina, ugonjwa na hali ya nyumbani, ili itusaidie kuipanga vizuri. Siri hiyo si yetu kuigawa. Futa jina kwanza, au iandike mwenyewe.

"Basi ipigwe marufuku"

Shule za umma za jiji la New York zilijaribu Januari 2023. Mei zikaachana na marufuku hiyo. UNESCO, shirika la elimu la Umoja wa Mataifa, katika mwongozo wake wa Septemba mwaka huo, ilipendekeza umri usiopungua miaka 13 kwa matumizi ya darasani.

Mimi huomba mistari michache chini ya kila kazi: uliiuliza mashine nini, ukachukua nini, ukaacha nini. Wiki iliyopita mmoja aliandika: "Niliiomba inipinge. Hoja yangu ya tatu nimeifuta kwa sababu sikuweza kuitetea."