Alama za kinga katika homa ya ini sugu: zinaeleza nini kuhusu tiba

Alama ya kinga, katika ugonjwa wa homa ya ini unaoletwa na virusi, ni kitu chochote kinachoweza kupimwa katika damu kikaeleza mwili wa mgonjwa umefikia wapi katika kushindana na kirusi. Inaweza kuwa kingamwili, inaweza kuwa kemikali ambayo seli za kinga hutumia kuitana, na inaweza kuwa hali ya seli hizo zenyewe, yaani kama bado zina nguvu au zimechoka. Kwa mtu mwenye homa ya ini sugu, ile iliyokaa mwilini zaidi ya miezi 6, alama hizo husomwa sambamba na vipimo vya kirusi na vya ini, nazo humsaidia daktari kuamua nani aanzishiwe dawa, nani asubiri, na nani tiba imemkubali.

Hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, watu wengi huijua hali yao bila kuitafuta. Mtu amekwenda kumtolea damu ndugu aliyelazwa, au mama mjamzito amepimwa alipofika kliniki, naye anarudi nyumbani Kadutu au Bagira na karatasi iliyoandikwa kwa Kifaransa: Ag HBs, positif. Wapo wanaoipokea kama hukumu ya kifo, na wapo wanaoifungia sandukuni kwa kuwa hawasikii maumivu yoyote, na pande zote mbili zinaidai karatasi hiyo neno ambalo haikulisema. Ag HBs ni sehemu ya ganda la nje la kirusi cha homa ya ini aina ya B, iliyogunduliwa na Mmarekani Baruch Blumberg pamoja na wenzake katika miaka ya 1960. Blumberg alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1976. Kuonekana kwa Ag HBs katika damu kunathibitisha kwamba kirusi kimo. Hakuelezi ini limeumia kiasi gani, wala kinga inafanya nini.

Swali la kinga hujibiwa kwanza na kingamwili. Ile inayoandikwa anti-HBs ndiyo inayolinda, na mtu aliyechanjwa akiwa nayo kwa kiwango cha 10 mIU/ml au zaidi huhesabiwa kuwa amekingwa. Kuna njia mbili za kuipata, na tofauti yake huonyeshwa na kingamwili nyingine, anti-HBc, inayojengwa dhidi ya kiini cha kirusi. Mtoto aliyepata chanjo ya pentavalenti katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14 huwa na anti-HBs peke yake, kwa sababu chanjo haina kiini hicho; mtu mzima aliyewahi kuambukizwa akapona kwa kawaida huwa nazo zote mbili. Mwenye ugonjwa sugu ana anti-HBc pamoja na Ag HBs, na kwa kawaida anti-HBs haionekani. Kwa hiyo si kila kingamwili ni dalili ya kupona. Mtu akiambiwa kwamba mwili wake umetengeneza kingamwili hufurahi, akaacha kurudi kwa daktari, kumbe iliyoonekana ni anti-HBc, ambayo hushuhudia tu kwamba mwili ulikutana na kirusi.

Jambo zito zaidi ni kwamba kirusi cha B chenyewe si mwuaji mkuu wa seli za ini. Uharibifu mwingi hufanywa na kinga ya mwili, inapozishambulia seli za ini ambamo kirusi kimejificha. Seli inapoharibiwa, kimeng'enya kiitwacho ALAT humwagika katika damu, na ndiyo sababu namba ya ALAT, ijapokuwa huhesabiwa kuwa kipimo cha ini, hutuonyesha pia kinga ikiwa kazini. Mtoto aliyeambukizwa na mama yake wakati wa kuzaliwa huweza kuishi miaka mingi akiwa na virusi kwa mamilioni katika kila mililita ya damu, Ag HBe, protini ambayo kirusi hutoa kinapozaana kwa wingi, ikiwa positif na ALAT ikiwa ya kawaida, kwa sababu kinga yake bado haijakiandama kirusi. Karibu watoto 9 kati ya 10 wanaoambukizwa wakiwa wachanga hubaki na ugonjwa sugu, lakini kwa watu wazima hawafiki 1 kati ya 20. Baadaye kinga huamka: ALAT inapanda, virusi vinapungua, na kwa wengi hatimaye Ag HBe inatoweka, mahali pake inatokea kingamwili yake, anti-HBe.

Badiliko hilo ni alama mojawapo inayotazamwa sana wakati wa tiba. Mgonjwa ambaye ALAT yake ilikuwa juu kabla ya kuanza dawa ana nafasi kubwa zaidi ya kulifikia kuliko yule ambaye ALAT yake ilikuwa tulivu, kwa kuwa dawa inakuta kinga imekwisha kuanza kazi. Hata hivyo wapo ambao kirusi chao kimebadilika kikaacha kutengeneza Ag HBe huku kikiendelea kuzaana na kuumiza ini, kwa hiyo kukosekana kwake peke yake hakumwachilii mtu.

Mapambano haya yanapokosa mwisho, seli T, zile zinazotafuta na kuua seli zilizoambukizwa, hukutana na antijeni nyingi, yaani vipande vya kirusi, kwa miaka bila kupumzika mpaka zikachoka, zikabeba kwa wingi molekuli kama PD-1 inayozizuia kufanya kazi. Vipimo vya aina hiyo ni vya watafiti na haviagizwi katika hospitali za kawaida, lakini vinaeleza kwa nini dawa inayozuia kirusi kuzaana haitoshi kumponya mtu.

Tenofovir na entecavir hufanya hivyo tu: huzuia kirusi kujinakili. Katika miezi au miaka michache wingi wa virusi, kile kinachoitwa hapa kwetu charge virale, hushuka mpaka hakionekani, ALAT hutulia, na makovu ya ini huweza kupungua. Lakini ndani ya kiini cha seli ya ini hubaki umbo la DNA la kirusi ambalo dawa hizi hazilifikii, kama kisiki cha mkaratusi kinachosubiri mvua. Ndiyo maana lengo la juu ni kutoweka kwa Ag HBs na kukaa hivyo, jambo ambalo kwa vidonge hivi hutokea kwa takriban mgonjwa 1 au pungufu kati ya 100 kwa mwaka. Interferoni, ambayo huichochea kinga yenyewe na hudungwa mara moja kwa wiki kwa wiki 48, huongeza nafasi hiyo kidogo, kwa gharama ya homa, uchovu na mara nyingine huzuni nzito.

Kutokana na hayo, mtu asiache vidonge kwa sababu tu virusi havionekani. Akiviacha ghafla virusi huweza kurudi, kinga ikavivamia kwa pamoja, ALAT ikaruka na ini likashindwa kazi. Hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa aliyekwisha kupata sirosisi, yaani ini lililojaa makovu. Ninalisema hili kwa msisitizo kwa sababu katika Kivu vita humtoa mtu nyumbani kwa usiku mmoja, na dawa inastahili kuwa kati ya vitu vya kwanza anavyobeba. Mwenye VVU anayekunywa TLD, kidonge kimoja chenye dawa tatu za VVU, akumbuke kwamba tenofovir iliyomo humtibu pia homa ya ini ya B, hivyo asibadilishiwe dawa bila jambo hilo kuangaliwa.

Homa ya ini ya C ina habari njema zaidi. Zamani, tiba ilipotegemea interferoni, kinga ya mgonjwa ndiyo iliyoamua mengi: mwaka 2009 watafiti walionyesha kwamba tofauti ndogo karibu na jeni ya IL28B hutabiri nani atapona, na kiwango cha juu cha kemikali iitwayo IP-10 kabla ya tiba kiliashiria matokeo mabaya. Dawa za sasa, kama sofosbuvir pamoja na daclatasvir kwa wiki 12, huponya zaidi ya wagonjwa 95 kati ya 100, na alama hizo zimepoteza uzito. Kupona huthibitishwa kwa kutoonekana kwa RNA ya kirusi wiki 12 baada ya dawa kuisha. Kingamwili ya C hubaki positif miaka mingi, mara nyingi maisha yote, wala haizuii kuambukizwa tena. Kabla ya dawa hizi Ag HBs ipimwe, kwa sababu C ikiondoka, B iliyokuwa imetulia huweza kuamka.

Kipimo cha charge virale cha B hakipatikani kila mahali, ingawa mashine za GeneXpert zinazopima kifua kikuu huweza kukifanya zikiwekewa katriji yake. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2024 unaruhusu mtu mzima kuanza dawa akiwa na virusi zaidi ya 2,000 IU/ml pamoja na ALAT iliyo juu, na kipimo hicho kisipopatikana, ALAT inayobaki juu kwa kudumu inatosha. Kikomo cha juu cha ALAT ya kawaida kinachopendekezwa ni 30 U/L kwa mwanamume na 19 kwa mwanamke, chini ya kile ambacho karatasi nyingi za maabara huonyesha. Mwenye sirosisi huanza bila kujali ALAT, na hata alama zake zote zikiwa nzuri baada ya tiba, anaendelea kupigwa ekografia ya ini kila miezi 6, kwa kuwa saratani huweza kutokea katika ini ambalo kirusi kimekwisha kunyamazishwa.