Ng'ombe si adui wa msitu

Wengi husema ng'ombe ndio walioigeuza Shinyanga jangwa. Hapana. Miti mingi ilifyekwa kwa makusudi enzi za ukoloni ili kuangamiza mbung'o, kisha pamba ikaendelea kula mapori.

Familia za Wasukuma zilikuwa tayari na ngitili: kipande cha malisho kinachofungwa mvua zikianza na kufunguliwa kiangazi kikikaza, baba akiwarithisha wanawe. Humo ndama na maksai wa kulimia hukuta nyasi kavu zilizosimama, wakati nje ni vumbi tupu. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ilizihamishia familia katika vijiji vya pamoja, ngitili nyingi zikafa. Mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga), ulioanza mwaka 1986, ulifanikiwa kwa sababu uliufufua utaratibu huo wa wazee, na miti ikachipua upya kutoka visiki vilevile.